Mama Analia, Mtoto Mzima

9 Februari

Shangazi, shikamoo.

Naomba barua hii ikukute una nguvu zako na sufuria zako za sabuni, na baba naye amekaa pale pale anapokaa siku zote, anafungua redio za watu na kusahau kuzifunga. Msalimie sana. Msalimie kwa sikio la kushoto, la kulia lilishastaafu.

Nimejifungua. Mtoto wa kike. Ana nywele nyingi kuliko mimi na uso wa mtu aliyetumwa kuja kukagua kazi. Tunakula akitaka yeye, tunalala akitaka yeye, ndiyo maana baba yake amembandika jina la Meneja. Sasa mtaa mzima wananiita Mama Meneja, hata yule jirani wa ghorofa ya juu ambaye miaka yote alikuwa akiniita "wewe wa rangi". Mume wangu hajambo, bado yuko kiwanda cha mikate zamu ya usiku, anarudi asubuhi ana unga mpaka kwenye kope. Mama mkwe alifika siku niliyotoka hospitali. Safari ya siku nzima kutoka kwake, na alifika hajachoka. Anapika, anafua, sina la kumlaumu. Ila ana jicho.

Nimeona niandike, maana wewe kwenye simu unasema "haya, haya" na kukata kama vile simu inakuuma sikio. Dereva ndiye atakayekuletea hii. Kila lori lake likipita huku anakuja kunywa chai. Huyu mtoto wa wifi yako, dada wa marehemu mume wako, ana moyo, Shangazi. Anasema kwako hapiti bila kuchukua sabuni ya mama mdogo, jina alilozoea kukuita.

Sasa lililonikalisha hapa na kalamu. Nalia. Siku ya tatu baada ya kuzaa nilikuwa nimekaa kitandani nakunywa chai, nikakiona kikombe kina ua la bluu ubavuni, nikalia kwa sababu ya ua. Baada ya muda kidogo nikacheka. Jioni nikamfokea mume wangu kwa kosa la kupumua. Meneja akilala mimi nabaki macho, namsikiliza kama analala sawasawa. Na kuna baya kuliko hayo, sijamwambia mtu. Namwangalia mtoto, naona ni mzuri, nahesabu vidole vyake, halafu sisikii kitu. Ni kama mtu kwenye foleni ameniambia "nishikie mara moja" akaenda zake.

Nesi wa wodini alituambia machozi ya siku za mwanzo huwapata wengi, mwili unajigeuza baada ya kuzaa na usingizi hakuna, lakini yakipita wiki mbili turudi tumwone. Sikumsikiliza vizuri. Nilidhani anawaambia wale wengine.

Wewe uliyenilea tangu mama alipofariki unawajua watu wetu wote. Kuna yeyote aliyewahi kupatwa na hivi?

Na lile bango la sabuni, utaniambia lini niandike nini? Bati ninalo tangu mwaka juzi.

Mwanao,
Mama Meneja (bado sijazoea)


21 Februari

Mama Meneja,

Marahaba, mwanangu. Hongera. Baba yako amefurahi mpaka amezunguka nyumba zote kutangaza, na kwa kuwa hasikii wanapompongeza, anarudi kutangaza tena nyumba zile zile. Majirani wamevumilia. Mimi miguu inaniuma asubuhi, mchana inasahau. Dereva amefika salama na barua haikufunguliwa, nimeikagua.

Kulia. Mtu akizaa analia, akimaliza anaosha uso. Lakini usilie mbele ya wakwe. Nisikilize vizuri. Ukizidiwa ingia bafuni, fungua bomba mpaka mwisho, lia bomba likiwa wazi. Kisha osha uso kwa maji ya baridi utoke na ndoo mkononi, waone ulikwenda kuteka maji. Ukiulizwa macho yana nini, sema vitunguu. Mbele ya watu mshike mtoto wakati wote, hata mikono ikichoka. Hata kama husikii kitu. Hasa kama husikii kitu. Na mtu asikwambie "lete nikushikie kidogo upumzike" ukampa.

Uliniuliza kuhusu watu wetu. Sabuni ya mwezi huu imetoka nzuri, mafuta yalikuwa masafi.

Kuhusu bango nilishakujibu. Sabuni yangu haina jina. Wanaoitaka wanaifuata kwa harufu.

Shangazi yako


6 Machi

Shangazi, shikamoo.

Sote wazima. Meneja ameongezeka uzito, sasa amekunja uso kwa mikunjo minne badala ya mitatu. Mama mkwe ameondoka juzi, nitakueleza alivyoondoka. Mume wangu anakusalimia, amekonda, anasema joto la tanuri, mimi najua ni joto la kukaa katikati ya wanawake wawili.

Nilifuata maneno yako. Bomba, maji ya baridi, ndoo, vitunguu. Kwa jinsi nilivyosema vitunguu, mtaa huu wanadhani tunavila kama matunda. Na ilifanya kazi, mpaka siku maji yalipokatika. Sebuleni kulikuwa na wageni wanne, marafiki wa mama mkwe, wamekuja kumwona mtoto. Nikasikia yananijia. Nikaingia bafuni, nikafungua bomba mpaka mwisho kama ulivyosema. Likakohoa mara moja, likanyamaza. Mimi nilikuwa nimeshaanza. Ukiachilia kilio chenye nguvu hakirudi nyuma, Shangazi. Nyumba nzima ilinisikia. Nikamsikia mmoja wao akisema, "Ana nini huyu?" Na mwingine, bila hata kushusha sauti: "Hampendi mtoto."

Nilikaa chini pale bafuni nikafikiri. Mimi ni fundi wa mabango. Nimemwandikia mwenye bucha, kinyozi, duka la dawa, shule ya watoto wadogo, hata mchonga majeneza. Mtu yeyote aliyechoka kurudia jambo moja kwa kila anayepita huja kwangu, nami namwandikia, basi, anapumzika. Mji mzima una mabango yangu. Nikajiuliza, kwa nini mwenye kuchoka kuliko wote ndiye asiye na bango?

Asubuhi yake nikatoa lile bati lako la sabuni, utanisamehe, na rangi nyekundu iliyobaki kwenye kazi ya bucha. Nikapiga mstari wa chaki, nikaandika herufi nene, nikalitundika mlangoni kwa nje:

MAMA ANALIA.
MTOTO MZIMA.
MSIULIZE KWA NINI.
ANAYEINGIA AFUE NEPI.

Wewe ungeona. Wa kwanza kusoma alikuwa muuza maji, akasoma kwa sauti, akasoma tena, akaondoka taratibu kama mtu aliyekaribia kukanyaga kitu. Wa pili alikuja kuuliza kama bucha imehamia hapa. Mama mkwe aliposoma akaingia ndani kufunga mabegi. Alisema amewahi kuona watu wakianika nguo za ndani nje, ila hajawahi kuona wakizipaka rangi nyekundu.

Na mchana akaja mke wa kinyozi. Hakupiga hodi. Alipita mbele yangu, akaketi mbele ya beseni, akafua nepi zote. Alipokuwa anazianika ndipo akasema, mgongo umenielekea, "Mimi waliniambia nina kiburi." Akajifuta mikono akaenda zake. Nililia tena, lakini kilio hicho kilikuwa kingine.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi nimeshazaa, sasa nifiche nini?

Mwanao


13 Machi

Mama Meneja,

Litoe. Leo hii, kabla hujamaliza kusoma karatasi hii.

Unadhani umewanyamazisha watu. Umewaandikia kwa mkono wako, kwa herufi nene, maneno watakayokuja kukusomea. Siku wakitaka kusema huyu hawezi kukaa na mtoto hawatahitaji shahidi, watanyoosha kidole mlangoni. Cheko la watu la leo lisikudanganye. Mtaa ukimaliza kucheka huwa unaanza kushauri.

Baba yako hajambo. Sabuni wiki hii haikushika, imebaki majimaji. Nilibadili upande wa kukoroga katikati ya kazi, kosa ambalo sijalifanya tangu nikiwa msichana. Nimeimwaga.

Litoe, nakuomba.

Shangazi yako


24 Machi

Shangazi, shikamoo.

Poleni kwa sabuni. Sisi tuko wazima, na Meneja amejua kutabasamu, ingawa ananyima, anatoa kidogo kidogo kama sukari ya dukani.

Sikulitoa. Nimekaa na barua yako siku nzima, nikaenda mlangoni na nyundo, nikarudi na nyundo. Nikilitoa nitakuwa nimesema ni uongo, na si uongo. Ndilo neno la kweli kuliko yote niliyowahi kulipwa kuandika, na hili hata sikulipwa.

Nimekwenda kliniki kwa yule nesi. Wiki mbili zilipita zamani na kilio bado kipo, basi nikambeba Meneja nikaenda. Nilidhani atanipa vidonge niondoke. Alinipa kiti. Akaniuliza nalala saa ngapi, nakula nini, nani ananisaidia. Akaniuliza kama nawaza kujidhuru au kumdhuru mtoto. Nikamwambia hapana, nawaza kulala. Akacheka, kisha akauliza tena bila kucheka, akaningoja nijibu sawasawa. Nikamjibu tena hapana, na ilikuwa kweli. Akaniambia huu ni ugonjwa, una jina, una tiba, na haumaanishi mimi ni mama mbaya. Kila Alhamisi tunakutana pale wanawake saba, tunazungumza. Mmoja ni mwalimu, mmoja anauza viatu, mmoja hasemi kitu, anatikisa kichwa tu, na siku asipokuja tunamkosa kuliko wote. Nesi akamwita na mume wangu, akamwambia mke wako atalala usingizi mmoja mrefu kila siku, na wewe ndiye utakayekuwa macho. Anafanya hivyo, haki ya Mungu. Akitoka kiwandani anamchukua Meneja, wanalala kwenye kiti, wote wawili na unga.

Lakini maneno yako yametimia. Rafiki mmoja wa mama mkwe amempigia simu akamsomea bango neno kwa neno. Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao anakuja na kaka yake, yule mjomba wa mume wangu aliyekuwa mtunza stoo wa shule. Wanafanya kikao. Wameshaamua kabla ya kukaa: wanataka kuondoka na Meneja. "Mwezi mmoja tu," mama mkwe amesema, "mpaka mwenzetu atulie." Na mume wangu anageuza geuza kikombe na kusema mwezi mmoja si mwingi.

Juzi Meneja alipiga chafya. Ikamshtua mwenyewe, akanitazama kama mimi ndiye niliyempiga. Na Shangazi, nikasikia kitu. Hapa kifuani. Kidogo sana, kama mtu anayepiga hodi huku anaogopa kufunguliwa. Nilikaa bila kujigusa nisije nikamfukuza. Jana kikaja tena. Wakimbeba sasa hivi nitakipatia wapi?

Upande wangu hakuna wa kunisemea. Baba hasikii, na asiyesikia kikaoni huitikia kila kitu. Wewe ndiye mkubwa wangu. Njoo.

Na lile swali langu la mwanzo hujanijibu. Ulinijibu sabuni.

Mwanao


31 Machi

Mama Meneja,

Mwezi mmoja hakuna.

Usimtoe mtoto. Wakisema kalale sisi tupo, usilale. Wakisema oga, oga naye. Wakija na shali mpya na maneno matamu, pokea shali. Usitie sahihi wala usiitikie kwa kichwa, kuna watu kichwa chako kwao ni sahihi.

Nakuja. Nimemwambia Dereva nina mzigo wa sabuni wa kupeleka huko. Hajauliza kwa nini mzigo wa sabuni unanifanya nipige pasi gauni la harusini.

Bango liache pale pale lilipo.

Shangazi yako


22 Aprili

Shangazi, shikamoo.

Hujaniandikia tangu siku ile, na Dereva hajapita. Nimempa barua hii dereva mwingine wa kampuni yao, kijana anayetafuna ubani, sijui kama itafika. Tuko wazima. Meneja yuko hapa mapajani, anaipiga teke karatasi, ukiona mstari umepinda ni yeye.

Nakuandikia ujue yaliyotokea ulipotoka, maana hukuyaona.

Ulikuwa umekaa kwenye kile kistuli, kimya, mpaka nikaanza kukukasirikia moyoni. Mjomba wa mume wangu alizungumza kwa busara yake yote, na anayo nyingi, haina mwisho. Mama mkwe akamalizia, mwezi mmoja tu. Ndipo ukaweka kikombe chini ukasema, bila kupandisha sauti, "Na mimi nilimpa wifi yangu mtoto mwezi mmoja tu, mpaka nitulie. Mwezi wenyewe ule pale mlangoni, umeota ndevu."

Ukasimama. Dereva alikuwa kajaa mlangoni na chai yake kwa kuwa viti vilikwisha. Ukampita ubavu kwa ubavu, hukumgusa, ukaenda kupanda kwenye lori.

Basi ukatoka. Mjomba akakohoa kuanza, akaishia kukohoa. Dereva alikuwa anatazama ndani ya kikombe. Mwishowe akaniuliza, "Chai hii umetia sukari?" Nikamwambia nimetia. Akasema, "Siisikii." Akakiweka kikombe sakafuni polepole kama kimejaa, na kilikuwa kitupu. Akatoka. Nilimwona dirishani. Hakupanda garini. Alizunguka akipiga matairi teke, moja moja, yote, mpaka lile la akiba. Akazunguka tena kuanzia la kwanza. Ndipo akapanda upande wake akafunga mlango. Lori halikuondoka mpaka taa za barabarani zilipowaka, na hatukuja kuwagongea.

Ndani, mama mkwe akasema, "Sasa mnanifananisha na huyo wifi?" Kisha mume wangu, ambaye mama yake akiwepo hata chumvi haombi, akasema, "Mama, mtoto haondoki." Akaenda jikoni upesi kana kwamba paa litaanguka. Mama mkwe akamtazama Meneja, akanitazama mimi, akavua viatu. "Haondoki? Basi na mimi siondoki."

Na hakuondoka. Analala sebuleni kwetu mpaka leo. Ukweli niuseme, anafua nepi zote, maana bango ndivyo linavyoamuru, na kila akimaliza anasema bango lile halina adabu na herufi zake zimelala upande. Jana alimwona mke wa kinyozi amekaa nami tunalia wote wawili, akatupita, akarudi na birika la chai, akakaa. Hakulia. Alisema tu kwamba wakati wake hakukuwa na nafasi ya kulia, walikuwa wanane ndani ya nyumba na beseni moja. Sijawahi kumsikia akisema habari zake.

Shangazi, sasa nimejua lile bomba nani alilifungua kwanza. Nimejua kwa nini ulijua mpaka habari ya ndoo.

Sikukutuma useme lile. Lakini sitakuomba msamaha, kwa sababu mtoto wangu yuko mapajani mwangu. Nikisema naomba msamaha nitakuwa nadanganya. Nasema ahsante, na nasema inaniuma.

Mwanao


30 Mei

Shangazi, shikamoo.

Hii nimeipeleka posta mwenyewe. Meneja anageuka kifudifudi bila msaada na kulalamika akifika. Mama mkwe amerudi kwake kwa hiari yake, ameacha orodha ya makosa yangu kwa mdomo, mume wangu ameihifadhi kichwani. Ninalala. Machozi yanakuja siku moja moja, kama mgeni aliyezoea, anakaa kidogo anaaga. Alhamisi bado naenda kliniki, na yule asiyesema amesema. Alisema, "Leo nimekula." Tukampigia makofi.

Bango nimelitoa. Nimelitoa mimi, siku niliyotaka mimi, asubuhi moja nilipomchukua Meneja kitandani akanipiga busu la mdomo wazi puani, nikagundua sijajiuliza kama nasikia kitu. Nilikuwa nasikia tu. Limekaa nyuma ya kabati. Mengine manne nimeandika, wameyaomba wenyewe, moja liko nyumba ya mwalimu na analitundika hata siku asiyolia, anasema linasaidia kwenye nepi.

Dereva hapiti. Wewe huandiki. Kama nimekugharimu hicho nilichodhani ulikuwa huna, niambie. Nitukane hata. Usininyamazie tu, maana wewe ndiye uliyenifundisha kunyamaza, na mimi nimeacha.

Mwanao


18 Juni

Mama Meneja,

Marahaba. Barua zako zote mbili zimefika, ile ya kijana wa ubani ilikuwa imenata. Baba yako hajambo. Amejua habari zote sasa, nilimwambia mwenyewe kwenye sikio la kushoto, na akaniambia, "Mimi nilikuwa nasikia wakati ule." Amenitengenezea redio nisiyoihitaji.

Tuliyozungumza kwenye lori ni ya kwenye lori. Usiniulize.

Wifi yangu ameniletea salamu kwamba nimemvunjia nyumba uzeeni. Nimemrudishia salamu kwamba mtoto alimlea vizuri, hilo silikatai mbele ya yeyote, lakini yangu ilivunjwa kwanza, na mimi sikumpelekea salamu.

Uliniuliza mwanzoni kama kuna mtu wetu aliyepatwa na hivyo. Ni mimi. Nililia kama ulivyolia, kwa vikombe na kwa maua. Sikuwa na nesi wa kunipa kiti. Walikuja na shali mpya na maneno matamu, na mume wangu, Mungu amrehemu, akageuza geuza kikombe. Mtoto alipojua kusema alikuwa kwao, na mimi nikatambulishwa kwake kama mama mdogo, na nikaitikia. Kila nilipomwitikia alifurahi. Ningemvunjaje?

Jumamosi lori lilisimama nje. Sikutoka. Nilikuwa nakoroga, na sabuni ukiiacha katikati inakukomoa. Akaja akasimama nyuma yangu. Hakuniita mama mdogo. Hakuniita kitu. Akachukua mwiko mkononi mwangu akakoroga, upande ule ule niliokuwa nao, mpaka ikashika. Kisha akaniuliza swali moja, ulilia muda gani. Nikamwambia siku waliyokubeba nilinyamaza papo hapo. Ndiyo maana wakasema dawa imefanya kazi.

Alikaa kwenye ngazi muda mrefu. Akala. Alipokuwa anaondoka akatazama ukuta wa nje akasema, "Mbona biashara yako haina bango? Mtu akipita na gari atajuaje hapa ni kwa nani?" Nikamwambia kuna fundi ninayemfahamu, ila anapenda rangi nyekundu. Nikamuuliza, tuandike nini? Akapanda, akawasha lori, akaniambia kupitia dirishani, "Mwenye sabuni ni wewe."

Basi litoe lile bati nyuma ya kabati. Usilifute. Geuza uandike upande wa pili, kwa rangi ile ile ya bucha, herufi nene, na mwambie mama mkwe wako akusimamie zisilale. Zisomeke na mtu aliye kwenye usukani, hata akipita kwa kasi:

SABUNI YA MAMA DEREVA

Nitalitundika langoni, upande huo utatazama barabarani. Ule mwingine uache ulivyo, utatazama ndani kwangu, niwe nausoma ninapokoroga.

Amesema atapita huko Jumatano kulichukua. Mpe chai, utie sukari.

Mama Dereva